Kupita Bila Kushuka

Adui wa mwendesha baiskeli pale Mingoyo si mlima wala malori ya korosho. Ni wageni. Mlima unaupanda unaisha, lori linakupita linakwenda zake, lakini mgeni wa Desemba anakuja na begi la nguo za mwezi mzima, na kabla hajalitua ameshakuuliza unakwenda wapi asubuhi yote hii na chai hujanywa.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa. Nimekaa miaka mingi mpaka benchi la dukani likachukua umbo langu, na mwili nao ukaanza kuchukua umbo la benchi. Daktari aliponipima sukari alinitazama juu ya miwani, akaniambia haijawa ugonjwa bado, ila iko mlangoni inabisha hodi. Sikuhitaji maelezo zaidi. Kaka yangu aliwahi kuifungulia. Leo anatembelea mguu mmoja na magongo, na kiatu cha ule mguu wa pili kiko uvunguni mwa kitanda chake, hataki kitupwe.

Basi nikanunua baiskeli ya resi, ya mtumba, nyembamba, ya bluu, usukani umepinda kama pembe za kondoo na keria haina. Kukosa keria ndiko kulikowaudhi watu. Waliniuliza sasa hiyo inabeba nini, nikawajibu inanibeba mimi, wakanihurumia. Kaptula ya kubana nilijishonea mwenyewe kwa kitambaa cha kuvutika, na sehemu ya kukalia nikaweka kipande cha godoro. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na ndiyo kazi pekee ambayo siwezi kumwonyesha mteja.

Nilipenda, sitamung'unya maneno. Nilipenda kama kijana anavyopenda. Baada ya swala ya alfajiri barabara ya Lindi inakuwa yangu na kunguru, hewa ya chumvi inaingia puani, mteremko unanibeba, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nacheka peke yangu barabarani bila kuchekeshwa na mtu.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaanza mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili Desemba ilinishusha. Unapumzika siku moja kwa ajili ya mgeni, ya pili kwa ajili ya harusi, ya tatu kwa sababu umeshiba. Halafu mtu anaanika kanga kwenye usukani. Ukija kuzinduka masika imefika na kuku anaatamia mayai katikati ya magurudumu. Safari hii nilijua kabisa kwamba nikishuka sipandi tena, na nisipopanda ile hodi ya mlangoni itaitikiwa.

Sasa, kushuka huko kwetu ni jambo zito. Mkubwa hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unasimama pembeni, unatoa shikamoo yako, unasubiri marahaba, unaulizwa za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo unapanda. Miezi ya kawaida ni wazee wawili watatu, adabu haimchoshi mtu. Lakini Desemba shule zimefungwa, korosho zimeuzwa, walioko Dar wamerudi, na kila mwenye mvi yuko barazani ananisubiri mimi. Nakumbuka asubuhi moja nilishuka mara nyingi hadi nikarudi nyumbani nimechoka nyayo, si mapaja. Na kila kituo kina kikombe cha chai, na ndani ya kikombe sukari imesimama wima.

Juu ya yote hayo akaja mama mkwe kutoka Kikole.

Kwa mama mkwe sina neno baya. Ni mama mpole, mwembamba, mwenye heshima zake, na anazitunza zile heshima za zamani ambazo wengine wamekwisha kuzisahau. Mkwe wake hamtazami usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Mimi naweza kuwa hatua mbili kutoka alipo, naye atamwambia binti yake, "Mwambie mwenzio chai inapoa." Nami nitasema, "Mwambie mama nashukuru." Mke wangu anakaa katikati kama simu, hana hata haja ya kufungua mdomo, maana kila mmoja ameshasikia.

Kila alfajiri mama aliweka kigoda chake pale pale kwenye mlango wa mbele, akavuta tasbihi mpaka jua likapanda. Na mlango ni huo mmoja, maana wa uani tulikuwa tumeuziba kwa magunia ya mchele wa sikukuu. Hebu nifikirie mimi, na kaptula yangu inayosema kila kitu, napita mbele ya mkwe. Siku za mwanzo nilifunga msuli juu yake, nikatoka kistaarabu, nikauvua njiani. Siku nilipochelewa kuuvua, mnyororo uliula. Nikamwambia mke wangu ni panya. Akauliza panya gani wana grisi.

Ndipo nikagundua dirisha la chumbani. Linatazama nyuma, kwenye mkorosho, na nondo hazina. Baiskeli kwanza, mimi nyuma yake. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nilikuwa natoroka nyumbani kwangu mwenyewe na moyo unanidunda kwa raha.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilikuwa na kazi za watu mezani, sare za familia moja ya Kikristo iliyotoka uwanda wa juu, wote kitambaa kimoja kuanzia babu mpaka mtoto wa kubebwa. Ilibidi nipande mapema, nirudi mapema. Nikatoka dirishani, nikashika njia, na nilipokaribia msikiti nikawaona wazee wamejaa kwenye baraza, mstari mzima, kanzu kwa kanzu. Nikahesabu shikamoo zilizokuwa zinanisubiri, nikahesabu na habari za mvua, miguu ikakataa. Siku hiyo sikushuka. Mmoja akaita, "Fundi, kwema?" Nikatikisa kichwa, maana yangu leo mnisamehe, nikainua mkono, nikapita kama mshale.

Dhambi ina utamu wake. Sijawahi kuendesha vile. Hakuna aliyenisimamisha, upepo ulikuwa nyuma yangu, manyunyu yakaanza yakanipoza mgongo. Nilipanga kugeuza mapema, nikapitiliza. Nilipanga tena, nikapitiliza tena. Niliimba. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni kichwani alisogea pembeni kabisa ya barabara, akanitazama mpaka nikapotea.

Kumbe huku nyuma wazee walikuwa wamenisoma. Siku hizi habari za misiba zinakuja kwa simu, lakini wazee wa kwetu wanaamini macho yao zaidi. Mtu mwenye adabu zake hawapiti wakubwa bila kushuka isipokuwa amebeba habari ya kifo. Na fundi ametoka nyumbani na nguo ya ndani, ameulizwa kama ni kwema akatikisa kichwa, anakimbilia upande wa Lindi. Unataka nini zaidi? Wakatuma watu kwa wake zao.

Wanawake wakaja nyumbani kwangu, kanga vichwani, wakavua viatu, wakakaa mkekani kimya. Kwetu mwenye msiba haulizwi nani amekufa. Unakaa naye, mpaka mkubwa mmoja atamke. Wao walisubiri wenyeji waseme. Wenyeji, yaani mke wangu na mama yake, waliona majirani wanaingia mmoja mmoja, macho chini, na wao wanajua hiyo maana yake nini. Watoto wote wapo, wajukuu wapo, wageni wamelala. Aliyekosekana ni mmoja tu, yuko barabarani na malori. Nao hawakuuliza, maana habari hiyo haiulizwi, inaletwa. Mke wangu akapiga simu yangu, ikaita chini ya mto nilikoiacha. Basi akaanza kulia, na alipolia yeye, mkeka wote ukalia.

Mimi nikarudi kwa njia ya nyuma, kwenye mkorosho, nimelowa, nimefurahi, nina njaa ya halali. Nilipoegemeza baiskeli ukutani nikasikia sauti ya mama mkwe chumbani kwangu. Walikuwa wamemlaza kitandani, wanampepea.

"Mkwe wangu wa adabu," alikuwa anasema. "Alinishonea gauni la Idi bila kunipima. Kwa heshima hakunipima, alikisia kwa kivuli changu pale uani, na gauni likanikaa. Nani atanishonea mimi kwa kivuli?"

Nikasimama pale chini ya dirisha. Kwa kweli nilifurahi. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kujua kama aliligundua lile jambo la kivuli. Nikasogeza sikio. Akasema sina choyo, sina kelele, nakula kidogo siku hizi na yeye alidhani sipendi mapishi yao. Nikaona vizuri, aendelee. Ila nikaanza kujiuliza mbona kila kitu ni alikuwa, alikuwa. Ndipo nikamsikia mke wangu, na kilio chake hakikuwa na maneno.  Nikadhani mtoto amefariki. Nikapanda dirishani bila kufikiri, mguu mmoja ndani, maji yananitiririka.

Mama mkwe akanyanyua kichwa. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akateremsha macho polepole mpaka kwenye kaptula. Akavuta kanga ikamfunika uso wote, akageukia upande wa binti yake.

"Mwambie mwenzio avae nguo," akasema.

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Wanawake waliokuwa wanapepea wakacheka wakiwa bado na machozi, kicheko kikatoka chumbani kikaenda mkekani, kikatoka nje kwa wanaume waliokuwa wanafunga turubai. Kesi ikaanza ya nani alimwambia nani, na ikaonekana hakuna mtu aliyemwambia mtu kitu chochote. Wazee wakasema wao hawakutamka msiba, walitamka tu kwamba fundi hakushuka. Mchele ulikuwa umeshaoshwa, kuku wameshachinjwa, ikaamuliwa visipotee bure. Tukala pilau ya matanga yangu. Mimi nilipewa paja, nikaambiwa marehemu ale ashibe.

Mke wangu peke yake hakucheka. Watu walipoondoka alikuja na nyundo, akaligongomea dirisha misumari, akaketi.

"Nimekuwa mjane asubuhi nzima," akasema. "Baiskeli basi."

Alikuwa na haki. Lakini niliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa, kanga kwenye usukani, kuku na mayai yake, benchi. Nikakaa chini mkekani, mama mkwe akiwa upande wa pili na uso wake ukutani, na nikasema mambo ambayo mwanamume hasemi mbele ya mkwe wake. Nikasema naogopa. Nikasema kila nikimtembelea kaka yangu nakaa mahali nisipouona uvungu wa kitanda chake. Nikasema nikiwa juu ya baiskeli hofu hiyo inaniachia, na ndiyo sababu nacheka, na nikishuka safari hii najijua, sitapanda. Mke wangu akazungusha bangili yake. Mama mkwe akavuta tasbihi yake, punje moja moja.

Alfajiri iliyofuata nilivaa kaptula yangu, nikafunga msuli juu, nikaitoa baiskeli ilipoegemea ukutani mwa chumba kwa aibu, kama mtu anayekwenda kuiuza. Mke wangu alikuwa ameamka, amenipa mgongo. Dirisha lilikuwa na misumari. Ikabaki njia moja. Nikaikokota kupita sebuleni, miongoni mwa wageni waliolala, mpaka mlangoni, na mama mkwe alikuwa pale kwenye kigoda chake na tasbihi mkononi.

Nikainama nitoe salamu kwa sakafu, kama siku zote. Akavuta kanga ikafunika kichwa chote, akabaki kama mzigo wa nguo uliowekwa mlangoni. Akakisogeza kigoda pembeni.

"Huo msuli utaliwa tena na mnyororo," sauti ikasema kutoka ndani ya kanga. "Uvue."

Nilitazama nyuma nione anamtumia nani ujumbe. Hapakuwa na mtu.

"Wale wa msikitini nimewatumia salamu jana, hawatakusimamisha. Panda hapo hapo mlangoni, usinishukie. Mimi nimeshakulilia mara moja, baba, na sijui kulilia mtu mara mbili. Pita. Halafu urudi."