Tumbo la Mama Mdogo

Mwaka niliovunja ungo nilikuwa nikiishi Micheweni kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Mama alikuwa kazini Unguja, akaniacha kwa ndugu yake nisome skuli na nimchangamshie nyumba, kwa sababu yeye alikuwa ameachwa. Alikaa na mume miaka tisa bila ya mtoto, mume akaona yatosha.

Nyumba yake ya mawe na udongo ilikuwa upande wa kijiji unaoteremkia pwani, pale ardhi inapokuwa jiwe tupu, na jua la mchana likipiga, weupe wake huumiza macho. Mama mdogo alilima mwani. Maji yakipwa alishuka na wenzake kufunga kamba, yakianza kujaa alirudi. Saa zile kijiji chote kilikuwa kimya, wanaume hawapo, wanawake wako baharini, na mimi nikitoka skuli nilipita njia nzima bila ya kukutana na mtu.

Kitu cha kwanza kilichonitia wasiwasi ni ukuta. Pembeni mwa kitanda chake, sawasawa na uso wa mtu akilala ubavu, palikuwa na mkwaruzo. Baada ya wiki kadhaa ukawa shimo. Baadaye ngumi yangu iliingia mle. Nilidhani ni panya, lakini panya huacha vumbi, na chini ya shimo lile sakafu ilikuwa safi kama imefagiliwa.

Halafu akaanza kusikia mtu anatwanga. Tulikuwa tumekaa ukumbini baada ya sala ya adhuhuri, tunachambua mchele, akasimamisha mikono.

"Unasikia?"

"Nini, mama mdogo?"

"Mtu anatwanga."

Nikasikiliza. Hakuna. Nikatoka nje, nikaenda mpaka nyumba ya jirani, nikakuta mlango umefungwa na kinu kimefudikizwa kwenye jua. Niliporudi alikuwa vile vile, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Hamna mtu," nikamwambia.

"Yuko karibu," akasema. "Kama yumo humu ndani."

Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Kwanza alilificha kwa kufunga kanga juu, kisha halikufichika tena. Wanawake wa mwani walikuwa wakinyamaza akifika. Maneno yakasafiri hadi Tibirinzi kwa bibi yangu, mama yao, naye akaja asubuhi moja na mkoba wake, hata maji hakunywa.

"Mwanangu," akamwambia, "niambie ukweli. Mimi ni mama yako."

"Sijamjua mwanamme tangu niachwe."

"Basi hicho ni nini?"

"Sijui, mama. Ila kinapiga."

Mama mdogo akautwaa mkono wangu, mimi niliyekuwa karibu, akauweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa gumu kama dafu. Na kweli kilipiga. Si teke la mtoto, maana nilishawahi kushika tumbo la mama lenye mimba ya mdogo wangu. Hiki kilipiga kwa mpango, upesi na kwa nguvu, bila ya kupumzika. Niliuondoa mkono. Bibi naye akagusa, akauondoa, akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini.

Walikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima, mpole. Akamsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani anywe siku saba. Wakati wa kuondoka akamwambia bibi: "Mimi nimesoma. Na spitali mpelekeni." Lakini mama mdogo alikataa. Alisema huko wataanza kwa kumuuliza mume yuko wapi. Nilipokuwa nafunga mlango nikamsikia akijisemea, "Na wakikitoa?"

Bibi akarudi Tibirinzi, akaniachia kazi ya kumwangalia. Ndipo nikajua habari ya vitambaa vyake vya damu. Alivianika chumbani, kwenye kamba, juu yake ametandaza kanga ili visionekane, na havikuwa vya siku nne wala tano. Havikukatika mwezi mzima. Akili yangu ya utoto ilikuwa inajua kwamba mwenye mimba hatoki damu vile. Kwa hiyo mle tumboni hamna mtoto, nikawaza. Muna kitu kingine, na kinamnywa.

Siku moja skuli tulitolewa mapema. Nikaingia bila ya kubisha hodi. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti kitandani, uso ameuelekeza ukutani, anakwangua kwa kucha na kutia mdomoni. Hakushtuka. Aligeuka pole pole, udongo kwenye midomo, na midomo yenyewe haina rangi, kama ya maiti aliyekwisha oshwa.

"Udongo huu una harufu ya mvua ya mwanzo," akaniambia kwa upole. "Njoo uonje."

Sikwenda. Nilisimama pale mlangoni mpaka alipojifuta na kuuliza kama nimekula.

Haikupita wiki, tumbo langu likaanza kuuma chini ya kitovu, uchungu wa kuvuta mpaka mapajani, na nilipokwenda chooni nikaona damu. Vitambaa nilivijua ni mambo ya wanawake wazima; hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba yatanifika na mimi. Nilijua jambo moja tu, kwamba niliweka mkono wangu juu ya tumbo lile na kile kitu kimehamia kwangu. Nikachana kanga kuukuu, nikaficha vipande chini ya godoro. Kila mchana, mama mdogo akiwa baharini, nililala chali na mkono tumboni, nikisubiri kianze kupiga.

Mama mdogo alianguka siku moja maji yamekupwa, akiwa kwenye mwani. Wenzake wanne walimbeba mpaka barabarani, wakapata gari ndogo ya mizigo. Mimi nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani kwangu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe na baridi, na jua lilikuwa kali. Bibi alitukuta spitali.

Daktari alikuwa mwanamke, si mzee, akisema Kiunguja. Alimfunua kope, akaangalia kucha, akabonyeza tumbo, kisha akauliza anakula nini.

"Wali, samaki, muhogo, kama watu wote," bibi akajibu.

"Anakula ukuta," nikasema.

Bibi akanitazama. "Mtoto huyu ana maneno."

"Mwache aseme," daktari akamwambia.

Nikasema yote: shimo, vitambaa, mtu anayetwanga. Alinisikiliza kama mtu anayesikia habari anayoijua, na hilo likanitisha zaidi kuliko kama angeshangaa. Alipokwisha mpiga picha ya tumbo akatueleza. Ni uvimbe kwenye kizazi, si mimba, na wala haukuonekana kuwa wa saratani. Wanawake wengi wa umri wake wanao, wengine bila ya kujua. Wake umekuwa mkubwa na unamtoa damu nyingi. Damu ikipungua sana mtu huweza kutamani udongo. Moyo nao hukimbia, na wengine husikia mapigo yake masikioni. Nyuma ya uvimbe umepita mshipa mkubwa, na huo ndio unaosukuma mkono wa anayegusa.

"Kwa hiyo anayetwanga?" bibi akauliza.

"Ni moyo wake."

Nilitakiwa nitulie. Badala yake nikafikiri kwamba moyo wake ulikuwa ukimpigia hodi miezi yote ile, na mimi nilikuwa natoka nje kumtafuta mtu.

Nikamwambia daktari nami kimeniingia. Akanipeleka nyuma ya pazia, akaniuliza maswali machache, akasema, "Hujaingiwa na kitu. Umekua." Akanifundisha kuhesabu siku zangu, na kwamba maumivu madogo ni kawaida, lakini yakinizuia kwenda skuli niseme. Damu ikilowesha kitambaa kila saa, au ikipita wiki haijakatika, nisinyamaze.

Bibi alikuwa upande wa pili wa pazia, anasikia. Tulipotoka alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Na mtu ambaye siku zake zilishakatika miaka mingi," akauliza, hamtazami daktari, "kisha akaona matone?"

"Huyo apimwe leo," daktari akasema.

Akapimwa. Baada ya wiki mbili za majibu kuchelewa, ikaonekana ni kinyama kidogo kisicho na madhara, wakakiondoa. Bibi alikuwa amekaa na siri ile tangu Ramadhani.

Mama mdogo alitiwa damu kwanza, kisha akapasuliwa, na kizazi kikatoka pamoja na uvimbe. Alipoweza kusema, alimuuliza muuguzi, "Kina uso?"

"Hakina, mama. Ni nyama tu."

Bibi aliomba kikazikwe. Tulikichukua kwenye ndoo yenye kifuniko, akakifunga kitambaa cheupe, akachimba nyuma ya nyumba penye udongo kidogo baina ya mawe. Alisimama pale muda mrefu mikono ameikunjua, kisha akaishusha, kwa sababu hakujua asome nini.

Mwili wa mama mdogo ukarudi. Midomo ikapata rangi. Mimi niliziba shimo, yeye akapaka chokaa. Lakini mchana, tukikaa ukumbini, bado aliinamisha kichwa.

"Unasikia tena?" nikamuuliza mara moja.

"Sisikii kitu," akasema. "Sikujua nyumba hii ni kimya hivi."

Sasa mimi ni mwalimu Chake Chake, nina watoto wawili. Mwaka jana siku zangu zilianza kurefuka, nikawa nachoka kwenye ngazi za skuli. Sikungoja. Daktari, kijana wa kiume, aliniuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuwa na uvimbe, nikamwambia yupo. Alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akageuza kioo cha mashine ili nione: duara dogo la kijivu, limetulia ndani ya giza. "Kama ndimu," akasema. "Tutakuwa tunauangalia." Nilimwomba akigeuze kioo upande wake. Akakigeuza bila ya kuuliza, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, na tarehe ya kurudi.