Njia Katikati ya Nyasi za Madamu

Mke wangu hakuwahi kuwa na uwanja wa nyasi. Nyumba yetu ya Buyenzi inafungukia karakana yangu, na karakana inafungukia barabara. Kilichoota hapo siku zote ni vyuma. Lakini katika miaka ile ya vita sikuona Bujumbura nzima nyasi zilizotunzwa kama alizotunza yeye, tena nyasi za mtu mwingine.

Zilikuwa za Madamu, mwalimu mjane wa Kigobe, ambaye mke wangu alikuwa mpishi wake. Risasi zilipokaribia mtaa wao, Madamu alivuka mpaka na wanawe, akaacha ombi moja: nyumba iangaliwe isichukuliwe. Wakati ule nyumba isiyo na mtu ilikuwa kama nafasi ya safu ya mbele msikitini siku ya Ijumaa. Ukigeuka tu, mtu keshaikalia. Na kilichotangaza kwamba mwenyewe hayupo kilikuwa nyasi. Zikifika magotini, kesho yake unakuta kufuli jipya getini.

Basi alikwenda kwa miguu, mara mbili kwa juma. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwepo, lakini zilikuwa siku za vikwazo, petroli inauzwa kwa chupa kama marashi. Nikamfulia fyekeo kwa springi ya lori. Nilifanya kwa kununa, nakiri. Niliiogopa ile safari yake. Watu walikuwa wakipotea mchana kweupe. Nikamwambia aachane na majani ya watu.

"We tengeneza magari yako," akanijibu. "Mi uniache na majani yangu."

Yangu! Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Masika nyasi zile ziliota huku akizitazama. Alifyeka asubuhi, jua halijakaza, kisha akapiga magoti na kung'oa ndago mojamoja pamoja na mizizi yake. Kiangazi, milima ikiwa na rangi ya ganda la mkate, alimwagilia kwa ndoo, kona hadi kona. Watoto wetu hakuwaruhusu kukanyaga. Walipita wamejibana ukutani, na aliyeteleza alionja kofi. Siku niliyomsindikiza nilisimama getini mdomo wazi. Kutoka getini hadi kwenye bomba la nje ya jikoni ilikuwa kijani tupu, sawasawa, hakuna hata alama ya kisigino. Kifua kilinijaa fahari, nikajifanya nakagua fyekeo.

Kumbe kosa letu lilikuwa hapohapo.

Masika ya mwaka wa tatu akaja bwana mmoja na gari na karatasi, akasema amepewa nyumba ile kwa kuwa haina watu. Mke wangu alikuwa anafyeka.

"Iko na mwenyewe," akamwambia. "Alitoka tu. Atarudi."

Yule bwana akautazama uwanja hadi kwenye bomba, akacheka. "Watu wakiishi mu nyumba, wanakata njia ya kwenda ku robine. Hapa mutu hajapita hata siku moja. Ntarudi Jumatatu. Nikikuta haina watu, naweka kufuli yangu."

Ilikuwa Jumatano. Mke wangu alirudi nyumbani akanieleza neno kwa neno. Nikasema tuhamie kule.

"Apana. Nikilala mu kitanda ya Madamu, mi na ule bwana tuko na tofauti gani?"

Nikatoa wazo la kifundi: nimwage oili chafu mstari mmoja, kutoka getini hadi kwenye bomba, nyasi zife upesi. Alinitazama mpaka nikaomba radhi. Oili ingeua udongo, akasema, na siku Madamu akirudi hapataota kitu tena.

Ikabaki miguu. Alhamisi nilifunga karakana, tukaenda sote, sisi wawili, watoto wetu wanne na mafundi wenzangu wawili. Tukatembea geti hadi bomba, bomba hadi geti. Watoto waliozoea kuchapwa kwa kukanyaga sasa walikemewa kwa kutokanyaga, na mdogo akalia, hajui sheria ni ipi. Lakini masika hayana adabu. Tulichokilaza mchana, mvua ilikisimamisha kabla hatujarudi. Ijumaa baada ya sala nikaleta toroli na giaboksi ya lori juu yake, tukaisukuma kwa zamu mpaka mikono ikachubuka. Jumamosi udongo ukaanza kuonekana. Mke wangu alitangulia peku, akisugua kisigino kila hatua, machozi yanamtoka. Miaka mitatu alikuwa amezikuza kwa magoti, sasa anaziua kwa miguu yake mwenyewe. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda siku ile.

Jumatatu yule bwana alikuta njia ya udongo mtupu, nguo za watoto zimeanikwa juu ya nyasi, na sufuria inachemka jikoni. Akaifuata ile njia kwa macho hadi kwenye bomba.

"Muko wangapi?"

"Hesabu nguo," mke wangu akasema.

Akawasha gari, hakuonekana tena. Lakini hatukuthubutu kuiacha njia ifunikwe. Tuliikanyaga kwa kupokezana, msimu baada ya msimu, naye akaendelea kufyeka kulia na kushoto kwake.

Madamu alirudi kiangazi kimoja, vita bado havijaisha sawasawa. Akaingia getini, akaitazama nyumba yake: madirisha yote yapo, mabati yote yapo. Kisha macho yakashuka chini.

"Mama, mulifanya nini majani yangu? Si niliacha mazuri?"

Nilitaka kumweleza yote. Nikafungua kinywa, mke wangu akanikanyaga mguu.

"Unisamehe, Madamu," akasema. "Watoto walipita sana. Ntapanda ingine."

Njiani nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Mimi ningesema mpaka Buyenzi nzima isikie.

"Aliogopa miaka yote kule alikuwa," akanijibu. "Wacha alale."

Mvua za kwanza ziliponyesha alikwenda Kigobe, akapiga magoti, akapanda nyasi kipande kwa kipande juu ya ile njia. Madamu alikaa barazani na chai yake, akimwelekeza namna ya kuvisogeza vipande visiache pengo, na kila mara mke wangu aliitika, "Ndiyo, Madamu."