Salamu Ndefu za Mama

Kompyuta yangu ya nyumbani, pale Bulla Pesa, niliinunua ikiwa imetumika nilipoajiriwa na kaunti. Baada ya miaka michache ikawa nzito ajabu. Unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado inazunguka tu. Na mimi subira sikujaliwa.

Mama aliishi mbali, huko Merti. Kupiga simu hakupenda, kwa sababu mtandao ulimkata katikati ya maneno. Kila mara jirani yake alimrekodi video kwa simu, kisha dereva wa pikapu akaniletea kadi ya memori. Nilinakili video kwenye kompyuta, nikarudisha kadi ikatumike tena. Kila video ilikuwa ya karibu nusu saa, na sehemu kubwa ni salamu. Nagaa? Watoto wana nagaa? Amani ya mifugo je, ya majirani je? Kwetu Waborana neno lenyewe huja baada ya salamu, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nilishakuwa mtu wa ofisi. Nilitazama dakika tatu, nikaona yu mzima, nikajiambia nitamalizia Ijumaa.

Jumamosi moja nilipandwa na hasira. Nikapanga mafaili kwa ukubwa, na yaliyotangulia yote yalikuwa ya Mama. Nikayafuta, hata lile lililofika wiki hiyo, nikamwaga na pipa la taka. Nikaiwasha upya. Ikazunguka vilevile.

Nikaipeleka kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Aliifungua, akaipuliza, tukakohoa sote wawili.

"Hii ni vumbi tu," akasema. "Feni imeziba, mashine inachemka, ndio maana inaenda polepole. Mafaili haikuwa shida. Kwani umefuta kitu ya maana?"

Nikamwambia hapana. Mimi na kiherehere changu!

Siku chache baadaye Mama alipiga simu mwenyewe. Salamu zake zilikuwa fupi, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Ulisikia kile nilikuomba?"

Ningesema sikusikia. Ningesema, Mama, nisamehe, rudia. Niliona haya.

"Nilisikia, Mama."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Akashusha pumzi. "Basi moyo wangu umetulia. Mungu akuweke, mwanangu."

Mwezi ule haukuisha akiwa hai. Baada ya mazishi nilimvuta jirani yake kando, nikamwuliza Mama alikuwa ameniomba nini kwenye ile video ya mwisho. Alinishangaa. Alisema Mama alipomaliza salamu alimwomba aegemeze simu kwenye debe la maji atoke nje, kwa kuwa lililobaki lilikuwa neno la mama na mtoto wake.

"Lakini alituambia umekubali," akasema. "Alikuwa na furaha, wewe! Sasa utafanya lini?"