Mshenga Alipokuwa Njiani

Mchana ule nilikuwa nikipanga bilauri za maji katika hoteli ya mji mmoja wa Ghuba, nilikofanya kazi ya usafi. Wajumbe wa nchi mbili zilizogombania urani, madini ya nyuklia, walikuwa warudi kikaoni hapo hotelini kesho yake. Hawakukaa pamoja. Kila upande ulikuwa na chumba chake, na waziri wa nchi mwenyeji akibeba maneno huku na kule.

Mdogo wangu Swaleh, mfanyakazi wa matangi ya mafuta katika bandari ya mji huohuo, alinipigia simu.

"Dada, mshenga wenu ashaleta jibu?"

"Shikamoo hujui?"

"Shikamoo. Bibi arusi kakubali?"

"Marahaba. Wakaguzi wamekubaliwa kuingia mitamboni. Imebaki mahari: urani kiasi gani ibaki kwao."

"Basi arusi ipo."

"Swaleh, rudi Likoni. Tiketi nitakata mimi."

"Hebu ngoja, dada. Nani atapiga mtu na mshenga yuko njiani?"

Tiketi sikuikata. Kwetu Mtongwe, hukohuko Likoni, posa ikishapelekwa, hata nyumba zilizonuniana huacha matusi mpaka jibu lirudi. Ndivyo nilivyomlea mwenyewe. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule, nikauza viazi karai kivukoni ili yeye na Zuhura, kitinda mimba wetu, wasome.

Alfajiri ndege za nchi moja zilipiga mitambo ya nyingine, ng'ambo ya bahari. Kikao hakikufanyika.

Jioni makombora ya kujibu yalitua upande wetu.

Vioo vilipasuka. Nikajibanza chini ya ngazi.

Moshi ulipanda bandarini.

Nilipiga simu ya Swaleh. Haikuita.

Alizikwa kulekule. Likoni waliswali sala ya maiti asiyekuwepo, Zuhura akapokea mikono ya watu peke yake, kwa kuwa viwanja vya ndege vilifungwa nami sikuweza kufika.

Sasa niko nyumbani. Juzi redio ilisema wajumbe wamekutana tena, vyumba mbalimbali, kuzungumzia kiasi cha urani kitakachobaki.

"Si ndilo lililokuwa limebaki?" Zuhura akauliza.

"Ndilo."

"Na mitambo ilipigwa."

"Ilipigwa."

Akaendelea kumenya viazi.

Sina elimu ya mambo hayo. Naomba wakae humo hata mwaka mzima, wasipeane mikono wakitaka, mradi wasitoke bila jibu. Jambo walilolibakiza siku ile bado wanalo. Sisi tulikuwa watatu, tumebaki wawili.