Pumba za Samaki wa Kijiji

Sikuzaliwa mtu wa kuamini wenzangu. Tulipohamishwa kutoka milima ya Lumuma kwenda kijiji cha ujamaa karibu na Kidete, wiki nzima ya kwanza nililala na jembe langu ubavuni. Kwa hiyo kamati iliponipangia kulisha samaki wa bwawa la kijiji pamoja na mjane mmoja, mwenyeji wa pale, jambo la kwanza nililojiuliza ni huyu atakuwa anaiba nini.

Bwawa tulilichimba wote kwa majembe, tukavuta maji ya Mkondoa kwa mfereji, tukatia perege wadogo. Yeye alilisha asubuhi, mimi jioni. Chakula kilikuwa pumba za mahindi kutoka mashine ya kijiji, basi. Mashudu ya pamba tuliyoahidiwa kutoka Kilosa yalibaki ahadi.

Perege walikua vizuri, na sifa nilijipa mimi bila haya. Ila pumba zilikuwa zinapungua kwenye gunia upesi mno. Nikaanza kupita bwawani jua likishapanda, nikijifanya natafuta kuni. Siku tatu mfululizo nilimwona mama yule akimaliza kulisha, akichota pumba, akizitia kikapuni na kuzifunika, kisha akishika njia ya makaburi ya zamani, ambako hakukuwa na nyumba wala shamba. Nakiri nilifurahi. Mtu wa shaka hana raha kubwa kuliko kuonyeshwa na macho yake kwamba hakukosea.

Nilimshtaki kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli anatoa pumba bwawani, akasema ni kweli. Akaulizwa anazipeleka wapi. Hapo akanyamaza, akatazama miguu yake, nami nikasema moyoni kwamba hivyo ndivyo anavyonyamaza mtu mwenye mkono mrefu. Akaondolewa bwawani, na ikaamuliwa siku ya kuvua nyumba yake isipate mgawo. Alikuwa na watoto wanne.

Nikabaki na samaki peke yangu. Niliwamwagia pumba asubuhi na jioni bila ubahili. Baada ya miezi miwili walikuwa vichwa vitupu, migongo imekonda kama kisu cha zamani. Nikashuku kwamba mama yule ameliroga bwawa, na nilikuwa mbioni kulisema hilo mkutanoni.

Kabla sijalisema, akaja bwana samaki kwa treni kutoka Kilosa. Alimshika perege mmoja, akamgeuza huku na huku, akanieleza kwamba pumba hushibisha tu. Samaki mdogo anataka pia kitu cha kujenga mwili, kama dagaa, mashudu au wadudu. Akaniuliza mwanzoni, walipokuwa wakikua vizuri, tuliwapa nini. Nikasema pumba. Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama watu.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa yule mama. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kupepeta mtama. Nilipomuuliza, alinieleza taratibu. Pumba alizilowesha, akazichanganya na mabua makavu, akazijaza katika chungu kikuukuu na kukifudikiza juu ya kichuguu. Kesho yake alfajiri chungu kilikuwa kimejaa mchwa, naye akawamwaga bwawani kabla watu hawajatoka majumbani. Kichuguu kikubwa kilikuwa kimoja tu, nacho kiliota pembeni kabisa mwa makaburi ya wazee wa pale. Angelisema hilo mkutanoni, nani angekula samaki wale?

"Uliniona nikitoka na pumba," akasema. "Mbona hukuwahi, mwanangu, ukaniona nikirudi na mchwa?"

Roho ilinisuta. Nikamwambia nitakwenda kumsafisha jina. Akanikataza. Alisema samaki waliwe kwanza.

Nikachukua chungu chake nikaendelea kwa siri, na perege wakanenepa tena. Siku ya kuvua watu walipanga mstari na masufuria yao. Mwenyekiti akanisifu, na mwanamke mmoja akatania kwamba tangu mwizi aondoke hata samaki wana nyama. Watu wakacheka. Mama yule alikuwa amesimama mbali, mikono mitupu, na alisikia. Nikashindwa kuvumilia. Nilisema yote, pumba, chungu, kichuguu na makaburi.

Mmoja akarudisha samaki wake kwenye tenga, kisha mwingine, mpaka tenga likajaa. Hata aliyenisifu alirudisha wake. Mama yule akaja polepole, akainama, akachagua perege wanne wakubwa.

"Hawa nimewalisha mimi," akasema. "Najua walichokula."

Akaenda zake kuwapikia wanawe. Siku hiyo, katika kijiji kizima, nyumba zilizokula samaki zilikuwa mbili tu, yake na yangu.