Midomo Tisini na Miwili

Mwenye kazi ya kuhesabu meno msimwonee wivu. Khairiya binti Sharifu aliyahesabu mpaka ikafika akitafuna muhogo anajikuta anahesabu ameuma mara ngapi, na hesabu ikimpotea anaanza upya.

Alikuwa tabibu wa meno kwenye kituo kidogo cha afya karibu na Quitunda, kijiji cha nyumba za bloku walikohamishiwa watu ili ardhi yao ipishe gesi. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja, ndoo mbili na koleo za kila ukubwa. Dawa ya kuziba jino haikuwapo. Basi ukienda kwake na tundu, unarudi na pengo. Miaka kumi na moja aling'oa. Alimng'oa mvuvi mmoja wa kisiwa cha Rongui gego lenye mizizi mirefu, na wanaomjua wanaapa kwamba alipofika nyumbani alikuta kiatu cha kushoto kinampwaya.

Lililomkera Khairiya ni watoto. Mtoto wa miaka sita anang'olewa gego la utotoni kabla ya wakati wake, na akifika kumi meno makubwa yanaota yamebanana kama abiria waliogombea benchi moja. Yeye aliamini pengo ndilo kosa: gego likitoka mapema, la nyuma yake linasogea mbele na kumnyang'anya mwenzake nafasi. Kuamini si kuthibitisha. Alikuwa akisomea digrii kwa njia ya simu na mtandao, na kazi yake ya mwisho, monografia yenyewe, ilikuwa hiyo. Akithibitisha, atakuwa na karatasi ya kuwapigia wakubwa mezani wailete dawa ya kuziba. Ila siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa tarehe thelathini Septemba. Mara mbili alikwisha omba kuongezewa muda. Ya tatu haipo, jina linafutwa.

Kwanza alitakiwa kujua apime watoto wangapi. Hapo ndipo shida ilipotandika mkeka.

Kitabu chake kilikuwa cha watoto wa mji wa mbali. Kikasema ukitaka kuona tofauti ya milimita moja ya nafasi, pima ishirini na watatu waliong'olewa na ishirini na watatu ambao magego yao ni mazima. Khairiya akawapima, wa miaka minane na tisa. Unawekewa mdomoni unga wa waridi uliokorogwa, unauma, unangoja ugande, kisha kalibu ile yenye alama za meno inamiminiwa plasta na kutoka taya jeupe la kupimia. Watoto waliupenda unga ule. Mmoja aliulizia kama upo wa ladha ya embe.

Akampelekea namba msimamizi wake, Doutora Natália, mwanamke wa Nampula asiyejua kusema "pole". Simu ikaja kesho yake.

"Khairiya, watoto wako hawafanani."

"Watafananaje, Doutora? Kila mmoja ana mama yake."

"Wanapishana kupita wale wa kitabuni. Wakipishana hivyo, ishirini na watatu hawasemi kitu. Unataka arobaini na sita kila upande. Jumla tisini na wawili."

Khairiya alikaa juu ya ndoo. Alilielewa neno lile vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi. Ukilima muhogo wa mbegu moja, ng'oa shina moja, onja ncha, umelijua shamba. Ukichanganya mtamu na mchungu, shina moja halikuambii lolote. Onja mengi, au waachie majirani kazi ya kukuzika. Sasa shamba lake limechanganyika, na Septemba inakuja na miguu yake miwili.

Jioni ile akapita kwa Zainabo. Huyu alikuwa mama mtu mzima, kiongozi wa chama cha wanawake, na hakuna arusi iliyochezwa Quitunda bila yeye kushika kata ya pilau. Alikuwa barazani akichambua dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja kama umemeza ndimu na mbegu zake?"

"Nimepungukiwa, mama. Nataka watoto tisini na wawili, ninao arobaini na sita."

Zainabo akaacha dagaa. "Umepungukiwa, na umekaa kimya kama mgeni? Nenda kalale."

Khairiya akaenda kulala. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Wiki ile watoto walimiminika. Walikuja wamenyolewa, walikuja na mitandio ya Idi, kila mmoja na jina lake kwenye kikaratasi. Khairiya alichukua kalibu tangu asubuhi mpaka koo likakauka. Safari hii maji yalikuwepo ndooni muda wote, kwa hiyo kila kalibu aliimiminia plasta hapohapo. Siku ya sita akatimiza tisini na wawili. Akala wali wa nazi sahani mbili.

Sasa muelewe kwamba tabibu wa meno hatazami mtu usoni, anatazama kinywani. Ungempitishia baba yake mzazi mdomo ukiwa umefungwa, angemwamkia kama mpita njia. Kwa hiyo hakugundua neno mpaka alipopanga mataya mezani ili apime. Akakuta jino la mbele limevunjika pembe kama karata iliyoliwa na panya, na jina lake Mwinyimadi. Akakumbuka pembe ile. Akafungua sanduku la zamani: jino lilelile, pembe ileile, na jina lake Twalha.

Akapata na la pili. La tatu. Alipomaliza alikuwa amepata ishirini na tisa.

Alikwenda kwa Zainabo bila viatu.

"Mama, watoto ishirini na tisa mmewaleta mara mbili."

"Ishirini na tisa tu? Nilidhani thelathini na wawili." Zainabo hakupepesa. "Wengine walitoroka kwenda pwani."

"Mmewabadili majina."

"Tungewaleta kwa majina ya zamani ungewakataa. Khairiya, mwanangu, arusi ya Rachide sahani zilikuwa arobaini na wageni mia mbili. Tulifanya nini? Waliokula walimaliza, tukaosha, tukapakua tena. Kuna mgeni aliyeuliza sahani hii imeshalisha nani?"

"Mtoto si sahani, mama."

"Na wewe si bi arusi, lakini tumekusitiri. Kwetu aliyepungukiwa hutimiziwa. Ulitaka tuseme kijijini hakuna watoto, tuaibike?"

Utamgombezaje mtu aliyekufanyia wema wa uongo kwa bidii kiasi kile? Khairiya akarudi kituoni, akatoa ishirini na tisa, wakabaki sitini na watatu. Akampigia Doutora na kumweleza yote, hata habari za sahani.

"Usiyatupe," akasema Doutora. "Watoto walewale umewapima mara mbili bila kujua. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuwa na bahati hiyo. Mara ya kwanza na ya pili zinapishana kiasi gani?"

Khairiya akaanza kulinganisha, kila mtoto na nafsi yake. Mwinyimadi ambaye ni Twalha: mara ya kwanza nafasi milimita sita, mara ya pili saba na nusu. Mwingine akapishana milimita mbili nzima. Akapima tena, akadhani macho yamechoka. Yalikuwa hayajachoka.

"Ni mwezi mmoja tu baina ya kupima na kupima," akasema Doutora, "na nafasi ya jino haifunguki yenyewe, Khairiya. Hizo milimita si za watoto. Ni zako."

Neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki taa. Akalala chali juu ya kiti cha wagonjwa akatazama bati. Alikuwa amewasingizia watoto wa watu kwamba hawafanani. Kisha akakumbuka: raundi ya kwanza maji safi yalikuwa yakifika saa tisa alasiri. Alichukua kalibu asubuhi, akazipanga dirishani, akangoja maji ya kukorogea plasta. Na unga ule ukikauka unasinyaa, mwingine kidogo, mwingine sana. Alilisoma hilo mwaka wa kwanza. Alilijibu kwenye mtihani, akapata.

Basi mataya yote ya mwanzo, arobaini na sita, hayafai. Aliyatia guniani moja moja.

Hapa ndipo utakapocheka, kama wewe si Khairiya. Yale ya raundi ya pili, yaliyoletwa kwa hila, yalikuwa ya watoto arobaini na sita mbalimbali, na kila moja limemiminwa kwa wakati wake. Ya halali yakawa mabovu, ya ujanja yakawa mazima. Akawarudishia majina yao, akapima, akapeleka. Doutora akapiga hesabu upya: sasa wanapishana kidogo, wanatosha ishirini na saba kila upande. Hamsini na wanne.

Waliong'olewa walikuwa ishirini na saba barabara. Wenye magego mazima, kumi na tisa. Wanapungua wanane, wazima wa mwanzo ambao hawakurudi wamekwenda visiwani na wazazi wao kuvua, na siku zilizobaki ni kumi na mbili.

Kwenye kijiji ambacho yeye mwenyewe ndiye amewang'oa watoto miaka kumi na moja, sasa azunguke akitafuta ambao hakuwang'oa. Alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Huku mama akamwambia, "Wangu mzima, umtakie nini?" Kule mtoto akafungua kinywa, likaonekana pengo, na Khairiya akaitambua kazi yake. Siku ya nne alipata mmoja. Siku ya saba, watatu. Siku ya kumi na moja akawa na saba, na nyayo zimeota lengelenge.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, akaja Sabina, mwuza vitumbua, amemshika mkono bintiye Hafsa, wa miaka minane. Nyuma yao Zainabo, amejifunga kanga kiunoni kama anakwenda kuamua ugomvi.

"Wako wa nane huyu," akasema Zainabo. "Na safari hii ni mmoja tu, nimemhesabu."

"Hajang'olewa?"

"Hata moja. Ndiyo kaja ang'olewe, hajalala siku mbili."

Khairiya akamkalisha, akawasha taa. Gego la chini lilikuwa limeliwa na tundu ubavu mzima, na la nyuma yake limeshaanza kulalia mle ndani.

"Mpime kwanza, kisha mng'oe," Zainabo akasema. "Kabla hajang'olewa, si hajang'olewa?"

Hoja haikuwa na tundu hata moja. Khairiya alilitazama kopo la unga wa waridi. Ilibaki dozi moja chini yake, kana kwamba imepimiwa. Dakika nne tu. Nani angejua? Doutora yuko Nampula.

Akawaza tena lile jino lililolala. Ameandika kwa mkono wake: magego mazima. Huyu akiingizwa upande wa wazima, upande wa wazima nao utaonekana umepoteza nafasi, na ndilo jambo lilelile analotaka kulitenganisha.

"Huyu siwezi kumpima, mama."

"Kwa tundu?"

"Kwa tundu."

"Nimekuletea ishirini na tisa wa uongo ukawala wote. Nakuletea mmoja wa kweli, unamkataa."

Khairiya akachoma sindano, akangoja, akang'oa. Hafsa akapewa pamba aume. Kisha Khairiya akafungua monografia yake simuni, akajaza namba za mwisho: upande wa kwanza ishirini na saba, upande wa pili ishirini na sita, na chini yake kwa nini mmoja amepungua. Ile kwa nini aliiandika mara tano. Mtandao ukazunguka, ukasita, ukazunguka, ukaenda.

Doutora akajibu kwa neno moja: "Imefika."

Sabina alikuwa bado amesimama.

"Dada, la upande wa pili nalo lina tundu. Nimlete lini ulitoe?"

"Usimlete. Hilo lina tundu dogo, lizibwe. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Dawa ya kuziba imekuja?"

"Haijaja."

Sabina akamtazama Zainabo, Zainabo akatazama bati. Khairiya akaanza kuosha koleo.

"Mswakishe kila baada ya kula," akasema, "na vitumbua visivyonunuliwa usimpe yeye amalize. Likianza kuuma, mlete."

"Nikuletee ufanye nini?"

"Nitang'oa," akasema Khairiya, akavuta ndoo ya pili.