Upande wa Kilima Unaotazama Ziwa

Awino, mdogo wangu, kuna siku moja ya Agosti ambayo hadi leo magoti yangu yanaikumbuka. Siwezi kukuita mwanangu, nimekuzidi miaka michache tu, na utanicheka. Lakini jana ulipofika kutoka shule ya bweni, mashavu yameisha, Mama alikuuliza shule iko aje. Ukasema, "Niko sawa." Halafu nikakukuta nyuma ya tangi la maji unafuta macho. Nimeona niandike, kwa sababu nikikaa mbele yako nitaishia kukuuliza kama umekula.

Mwaka jana wewe ulibaki hapa Mamboleo na Mama, mimi nikaenda Usenge kwa nyanya yetu, Dani. Paa la jiko lake lilikuwa linavuja, na unamjua, hataki mabati jikoni, anasema yanampika yeye kabla ya ugali. Nyasi nzuri ya kuezeka imebaki juu ya kilima tu, upande unaotazama ziwa. Kuna barabara ambayo hata pikipiki zinapanda, lakini inazunguka kilima chote. Dani hupanda moja kwa moja kupitia mawe, mahali watu wengi hawapiti, halafu anateremka na mzigo kwa barabara.

Tulikuwa watatu: Dani, jirani yake Mama Otis, na mimi. Wanawake wa huko wana utaratibu wao. Mundu unafungwa ndani ya leso mgongoni, na anayepanda polepole zaidi ndiye hutangulia, ili wengine wafuate mwendo wake. Yaani mimi. Lakini unajua vile niko. Nilipofikiria watu wawili nyuma yangu wakitazama navyotambaa na sketi, nilisikia aibu mpaka kwa masikio. Nikamwambia Dani nitafuata nyuma.

"Nyuma kuna nini?" Mama Otis akauliza. "Kuna kijana umemwacha huko chini?"

Dani alinitazama kidogo. "Sawa. Lakini nikiita, uitike."

Mwanzo haukuwa mbaya, vichaka na vumbi tu. Halafu tukafika kwenye jiwe moja kubwa, limelala kwa mteremko, halina hata jani la kushika. Wao walilipita miguu mitupu kama watu wanaopanda ngazi. Mimi nilikuwa na zile raba zangu nyeupe za soko la Kibuye, soli zimeisha. Nilipofika katikati mguu wa kushoto ukateleza, nikajikuta nimelala kifudifudi juu ya jiwe, nimeshika mzizi mmoja. Juu sifiki, chini sioni pa kukanyaga. Nilichungulia mara moja tu nikaona dagaa wa omena walioanikwa ufuoni, mbali sana, nikafumba macho.

"Nyar Kisumu, uko?" Dani akaita kutoka juu. Binti wa Kisumu, ndivyo huniita.

"Niko sawa, Dani."

Nilikuwa nimekumbatia jiwe, Awino, na bado nilisema hivyo. Akaita tena, nikasema hivyo tena. Nilifikiri nitawachelewesha, nitachekwa, nitajitoa mwenyewe. Nikasikia wanaendelea, Mama Otis akisimulia harusi ya mtu fulani, sauti yake ikipungua mpaka ikaisha. Udongo ukaanza kumwagika kwenye ule mzizi.

Mimi ndiye yule ambaye mwalimu huniambia niongeze sauti hata nikiitikia jina langu. Nilisema "Dani," na hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikajaribu tena, ikatoka ndogo. Ya tatu sikuipanga.

"Dani, nimekwama. Naogopa. Rudi."

Nikasikia Mama Otis: "Kumbe huyu mtoto ana sauti. Na kanisani anatupatia midomo tu."

Dani alirudi kinyumenyume, tumbo kwenye jiwe, mpaka akawa chini yangu kidogo. Alishika kifundo cha mguu wangu akauweka kwenye ufa ambao sikuwa nimeuona. "Huo umefika. Lete mwingine." Hivyo hivyo, mguu mmoja mmoja, mpaka juu.

Tulipofika kwenye nyasi alinikalisha chini, akanimiminia uji kutoka kwenye chupa aliyobeba. Nilingoja kelele. Akasema polepole tu:

"Nyathina, mwanangu, mimi pale sikuwa nakusalimia. Nilikuwa nakuuliza. Mtu akikusalimia njiani, jibu unavyotaka, naye anapita tu. Lakini mtu akisimama juu ya jiwe akangoja jibu lako ndiyo ainue mguu, huyo ukimwambia uko sawa anakuamini. Ataenda. Na usiseme amekuacha. Ni wewe umemruhusu."

Nikalia. Hakuniambia ninyamaze. Alinitolea nyasi kwenye nywele, kisha akasema hata yeye alipoolewa pale alipanda kilima hicho na mama mkwe wake akiwa na njaa tangu jana yake, kwa sababu bibi arusi aliona aibu kuomba chakula kwa wakwe. Kila akiulizwa, anasema ameshiba. Akazimia huko juu. Wakaenda kukata nyasi wakarudi wamembeba yeye.

"Mama mkwe alisema nini?" nikauliza.

"Alisema watu watasema ameniua kwa njaa na ugali uko mezani. Baada ya hapo nilikula mpaka akajuta kuniuliza."

Mama Otis alicheka mpaka akaketi juu ya mundu wake, na hapo tukacheka zaidi.

Kurudi tulipita barabarani, mimi mbele na mzigo kichwani, wao nyuma wakitazama navyoyumba. Aibu ilikuwepo. Nilitembea nayo.

Sasa sikia, Awino. Sijui kule bweni kuna nini. Labda ni wasichana wakubwa, labda ni masomo, labda unakumbuka nyumbani tu, na hilo pia ni kitu. Najua kwamba Jumatatu Mama atakufungia sanduku akupeleke, kwa sababu alikuuliza na ukamjibu, na amekuamini. Kabla ya Jumatatu mwambie. Atakuwa amekaa jikoni jioni anachambua mboga za sukuma. Keti karibu. Ya kwanza ikitoka ndogo asisikie, usiinuke uende zako, sema tena. Ukishindwa kabisa nivute mkono, nitakaa kando yako, lakini maneno yatakuwa yako, kwa sababu mimi sioni mahali mguu wako umekwama.

Mungu akuwekee mtu wa kukuuliza kila mahali utakapolala, na akupe pumzi ya kumjibu kweli.